Mbona mi sisikii harufu ya dagaa nyumbani kwangu ila wageni wanaisikia?

Mama Dagaa Kirumba (mwanzisha mada)

Mwangaluka wakuu. Naombeni mnisaidie kwenye hili maana linanikosesha amani tangu jumamosi.

Mi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, mwaka wa tisa sasa. Nanunua asubuhi boti zikifika, naanika, nafungasha kwenye magunia, na yale ambayo hayajapata mteja nayalaza kwenye chumba cha nje hapa nyumbani Ibungilo. Sasa jumamosi tulipata wageni, wakwe watarajiwa wa mdogo wangu walikuja kujitambulisha. Nimeamka saa 10 alfajiri, nimedeki nyumba mara mbili, nimefua mapazia, nimechoma udi, nikakaa sebuleni nikanusa nikaona safi kabisa. Wageni wameingia hata hawajakaa vizuri, katoto kao ka kama miaka mitano kakasema kwa sauti, "mama humu kunanuka samaki". Yule mama akakaziba mdomo kwa mkono lakini mi nimemuona mwenyewe ameshika ncha ya mtandio wake ameileta karibu na pua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Swali langu, je pua yangu imekufa? Maana mboga ikiungua kwa jirani naisikia mimi wa kwanza, maziwa yakichacha naisikia, ila hiyo ya dagaa siisikii kabisa nyumbani kwangu. Shemeji anasema "umezoea tu". Sawa nimezoea, lakini anayezoea ni nani, ni pua au ni ubongo?

Na kingine, nikienda Ukerewe kufata mzigo nikarudi na meli, usiku nikilala kitanda kinayumba kabisa kama bado niko majini. Sijui vinahusiana? Nawasilisha.

kijana_wa_mabatini

Pole sana dada. Hata mi nina jamaa anauza mafuta ya taa, ukipanda naye daladala watu wote wanageuka ye hajui kitu. Ngoja waje wenye elimu.

Mwalimu Nyegezi

Dada pole kwanza kwa ile aibu, na kwa ulivoeleza hujaharibika pua. Nafundisha saikolojia chuo kimoja hapa mjini na hii mada ndio naipenda kuliko zote kwahiyo mnivumilie nitaandika kwa urefu.

Anza na kiswahili chetu wenyewe. Tunasema nasikia sauti, nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia maumivu, neno moja limebeba masikio, pua, ngozi na tumbo. Alafu tuna neno kuhisi, na hilo nalo lina kazi mbili, nahisi joto, yaani joto limenigusa, na nahisi mvua itanyesha, yaani nakisia. Mi nikifundisha naanzia hapo kila mwaka, kwasababu sayansi yote ya milango ya fahamu imekaa kwenye hizo maana mbili. Kuna kupokea, ambako ni kazi ya macho, pua, ulimi, ngozi, masikio, kubadilisha mwanga au harufu au mgandamizo kuwa mapigo ya umeme kwenye neva. Na kuna kutambua, ambako ubongo unachukua yale mapigo unayapa maana. Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, kwenye miaka ya 1860 aliandika kwamba tunachokiona ni hitimisho ambalo ubongo umelifikia bila sisi kujua. Mswahili kwenye kuhisi alishaweka yote mawili humohumo.

Sasa pua. Juu kabisa ndani ya pua kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye mamilioni ya seli za neva, na kila seli imebeba aina moja tu ya kipokezi. Binadamu tuna aina kama 400 zinazofanya kazi. Waliogundua hiyo familia ya vipokezi ni Linda Buck na Richard Axel, walichapisha 1991 wakapewa tuzo ya Nobel 2004. Harufu ya dagaa ni chembe za aina nyingi kwa pamoja, zinabonyeza vipokezi tofauti kwa wakati mmoja kama vidole kumi kwenye kinanda, na ubongo unausoma ule mchanganyiko wote unasema hii ni dagaa, hii ni sabuni.

Ukikaa kwenye harufu ileile, kuna vitu viwili vinatokea na ndio jibu la swali lako la nani anazoea. Wote wawili wanazoea. Seli zenyewe zinaanza kupunguza kutuma taarifa ndani ya dakika chache, hilo ni la puani. Alafu ubongo nao unaona hii taarifa ni ileile tangu jana, tangu juzi, tangu miaka tisa, haina jipya, unaacha kuipandisha mpaka kwenye fahamu zako. Kazi kubwa ya milango ya fahamu ni kukamata mabadiliko, mboga inayoungua kwa jirani ni jambo jipya kwahiyo inapita moja kwa moja. Dagaa wako kwa ubongo wako ni kama ukuta wa nyumba. Na ndio maana inakuwa kwa harufu ileile tu, nyingine zote unazisikia.

Ni hivohivo kilemba ulichofunga asubuhi, dakika ya kwanza unakisikia kichwani, saa nne umeshasahau kama umefunga. Maumivu ndio hayazoeleki kirahisi, na mi naona ni rehema hiyo, mtu angezoea mwiba mguuni angetembea nao mpaka mguu uoze. Na macho je? Macho nayo yangezoea, tena haraka, ila yanatikisika saa zote mitikisiko midogo sana ambayo hatuijui. Miaka ya 1950 watafiti walitengeneza kifaa cha kuifanya picha itulie palepale kwenye jicho bila kutikisika na picha ikaanza kufifia na kupotea machoni pa mtu ndani ya sekunde chache tu, mbele yake huku ameikodolea.

Hilo la kitanda kuyumba nitalirudia, nina kipindi sasahivi.

Mvuvi wa Ukara

Mwalimu ubarikiwe. Mi sina elimu kubwa ila nimevua dagaa usiku toka enzi za karabai mpaka sasa taa za sola, na hayo ya macho nayajua kwa mwili.

Ukiikodolea taa ya chambo alafu ukageuka kuangalia ziwa huoni kitu, giza tupu kama umefunikwa blanketi, na mwenzako aliyekaa nyuma hajaitazama taa anaona mpaka mtumbwi wa jirani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ananizaba kofi nikitazama taa. Alikuwa anasema jicho la usiku linaivishwa taratibu kama maharage, ukilifunua mara moja unaanza upya. Na alinifundisha kitu kingine, kama unatafuta taa ndogo ya mbali au nyota hafifu usiikazie macho, angalia pembeni yake kidogo, itatokea. Ukiikazia inapotea. Nimefanya hivo miaka yote ila sijui kwanini.

Kingine ni umbali. Mvua kubwa ikinyesha ikikatika, kukakucha hewa imeoshwa, visiwa vyote vinasogea. Unaona miti ya kisiwa mojamoja unasema nusu saa nimefika. Mwaka fulani nilidanganyika hivohivo, nikaacha kununua mafuta ya akiba kwasababu kisiwa nilikiona hapa puani, injini ikazima katikati na mawimbi ya mchana yameanza, tukapiga kasia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tulikuwa watatu, mmoja ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nilivyokuwa namtazama yule kijana nikawaza nitamwambia nini mama yake. Kisiwa hakijasogea hata hatua moja, ni macho yangu.

Mwalimu Nyegezi

Mzee wangu shikamoo. Yule aliyekufundisha alikuwa anafundisha sawasawa na kitabu.

Nyuma ya jicho kuna seli za aina mbili. Za koni ziko kama milioni 6, zinaona rangi na vitu vidogovidogo lakini zinataka mwanga mwingi. Za fimbo ni nyingi mno, karibia milioni 100 au zaidi, hazijui rangi ila zinaona kwenye giza. Sasa katikati kabisa ya jicho, pale unapokazia ukisoma, kuna koni tupu, fimbo hamna. Kwahiyo nyota hafifu ukiikazia unailetea seli ambazo usiku zimelala, ukiangalia pembeni inaangukia kwenye fimbo. Na zile fimbo zina kemikali inayovunjika ikipigwa na mwanga, kuirudisha yote kunachukua kama dakika 20 mpaka 30. Ndio maharage ya mzee.

Mwaka 1942 watafiti watatu, Hecht, Shlaer na Pirenne, walipima mwanga mdogo kabisa ambao mtu aliyezoea giza anaweza kuuona. Wakakuta zinatosha punje za mwanga kama 5 mpaka 14 zikinaswa na hizo seli. Punje, naongelea vipande vidogo kabisa vya mwanga ambavyo huwezi kuvigawa zaidi. Jicho la mvuvi wa Ukara aliyekaa gizani nusu saa lina uwezo huo.

La kisiwa kusogea sasa ndio kukisia kwenyewe. Jicho halina futi ya kupimia umbali, picha inayoingia ni bapa tu. Ubongo unaokota dalili, na dalili moja ni ukungu, vitu vya mbali huwa vimefifia na vina ubluu, vya karibu viko wazi. Siku nyingi hiyo kanuni inafanya kazi vizuri. Mvua ikiosha vumbi na moshi wote kisiwa kinakuwa wazi kama cha karibu, ubongo unatumia kanuni ileile unakosea. Macho yako yalipokea sawasawa mzee, kosa limetokea kwenye kutafsiri.

shaka_buzuruga

Mwalimu mi hapo napinga. Ukisema ubongo unakisia unamaanisha hatuoni kitu cha kweli? Mi naona simu yangu hapa, naishika, ipo. Sikubali kwamba nakisia simu.

Mwalimu Nyegezi

Kaka swali zuri na nalipenda. Simu ipo na umeiona kweli. Ila jaribu hiki kitu usikubali neno langu. Chukua karatasi, chora msalaba mdogo kushoto na nukta nyeusi kulia, umbali kati yao kama sm 8. Ziba jicho la kushoto. Jicho la kulia likazie ule msalaba, usihame, alafu shika karatasi mbali kidogo na uso kama sm 30, isogeze mbele na nyuma polepole. Kuna mahali nukta itapotea. Ni pale neva zote zinapotokea nyuma ya jicho, hapo hamna seli za kupokea mwanga hata moja. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua hilo karne ya 17. Hilo tundu umetembea nalo maisha yako yote na hujawahi kuona shimo duniani, kwasababu ubongo unaangalia kilichopo pembeni unaziba. Na pale nukta ilipopotea utaona nini? Utaona karatasi nyeupe, ambayo jicho lako pale halijaipokea.

Kukisia si kubuni. Ni kama dalali mzoefu pale Mwaloni, anashika gunia anasema hili kilo kadhaa, na mara nyingi yuko karibu na mzani. Na hata huko kuna kanuni. Ernst Weber, Mjerumani, kwenye miaka ya 1830 alikuta kwamba mtu hatambui tofauti ya uzito kwa gramu, anatambua kwa sehemu ya kile alichobeba, kwa uzito ni kama asilimia 2 hivi. Mkononi una kilo 1, zikiongezwa gramu 20 au 30 unashtuka. Kuli ana gunia la kilo 50 mgongoni, mwekee mkono mzima wa dagaa juu yake hatajua. Wateja wanaopunjwa kwenye magunia makubwa, kanuni ndio hiyo, tumieni mzani.

shaka_buzuruga

Nimefanya. Nukta imepotea kweli. Nimemuita mke wangu naye imepotea. Nimerudia mara nne. Haki ya Mungu nina miaka 41 sikuwahi kujua.

Nesi wa Zamu

Naingilia kidogo kwa upande wa afya maana kuna watu watasoma humu wajue ni mazoea kumbe ni ugonjwa.

Dada jipime hivi. Funga macho, mtu akuletee kahawa, sabuni ya kufulia, kitunguu kilichokatwa, ganda la chungwa, moja moja bila kukwambia. Ukivitambua pua ni nzima. Lakini mtu ambaye harufu ZOTE zimepotea, hasa ghafla, aende hospitali. Inaweza kuwa mafua makali, vinyama vya puani, au kama aliwahi kugonga kichwa mfano ajali ya bodaboda, zile nyuzi za neva zinazopita kwenye mfupa juu ya pua zinakatika. Wakati wa korona wengi walipoteza harufu na wengine ilichukua miezi kurudi. Na watu hao watakwambia chakula hakina ladha, wanadhani ni ulimi. Ulimi wenyewe unajua tamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya supu ya nyama, basi. Utamu wa sato wa kuchoma unaousifia, sehemu kubwa ni harufu inayopanda kutokea nyuma ya koo. Na pilipili haipo hata kwenye hizo ladha, inachokoza kipokezi kilekile kinachopokea joto la kuunguza, David Julius alipewa Nobel 2021 kwa kazi hiyo, ndio maana tunasema pilipili inawaka na tuko sahihi kabisa.

Sasa hili nalisema kwa kukazia. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya wameiongeza kiwandani makusudi ili ikivuja ujue. Lakini pua inazoea kama alivosema mwalimu. Ukisikia harufu ya gesi, alafu baada ya dakika kadhaa hausikii tena, USISEME imeisha. Pua yako ndio imeacha. Fungua madirisha, funga mtungi kama unafikika, usiwashe wala kuzima taa, toka nje na watoto. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni baya zaidi, ile hewa yake ya sumu haina harufu kabisa tangu mwanzo, hakuna mlango wa fahamu unaoipokea. Nimepokea familia usiku walioletwa hivo. Sitaki kueleza zaidi.

Msukuma wa Dar

Mi nasoma humu machozi yananilenga. Niko Dar mwaka wa sita, juzi napita sokoni kuna mama amefungua gunia la dagaa wa kwetu, sijaona gunia, nimesikia harufu tu, na nikamuona bibi yangu kabisa amekaa kwenye kigoda pale Igombe anachambua mchanga kwenye ungo. Mpaka rangi ya kanga yake. Mwalimu kwanini harufu inafanya hivi na picha haifanyi?

Mwalimu Nyegezi

Ndugu yangu, milango mingine yote taarifa zake zinapita kwanza kwenye kituo kimoja katikati ya ubongo ndio zinagawiwa. Harufu haipiti hapo kwanza, inaenda karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Kwahiyo bibi anafika kabla hujajua hata umenusa nini. Kigoda na ungo umevipata kwanza, neno dagaa likafuata.

Na dada samahani nilikuahidi la kitanda. Tumefundishwa milango mitano lakini kuna ya ziada, mmoja uko ndani kabisa ya sikio, mirija mitatu midogo yenye maji, kichwa kikigeuka maji yanabaki nyuma kidogo na vinyweleo vinapinda, ndio unajua umegeuka. Pembeni yake kuna vijiwe vidogo vinavyokwambia juu ni wapi. Ukiwa melini masaa matatu na zaidi, ubongo unajifunza yale mawimbi unaanza kuyafuta ili utembee bila kuanguka. Ukishuka Mwanza mawimbi yameisha lakini ubongo bado unayafuta, unafuta kitu ambacho hakipo, wewe unasikia yumba ya upande wa pili. Kwahiyo ndio, vinahusiana na dagaa. Ni kuzoea kulekule, ila huku unakuona kunavyoondoka. Kwa kawaida ikifika kesho yake imeisha, ikizidi siku nyingi nenda kapimwe.

Mama Dagaa Kirumba

Wakuu samahani kwa kupotea, ni wiki ya tatu sasa. Mama aliugua nikaenda kumuuguza Sengerema, siku hizi tunapita daraja la Kigongo-Busisi badala ya kivuko, hata kuyumba hakuna.

Kipimo cha nesi nilifanya kabla sijaondoka, mwanangu alinifunga macho na kitenge, kahawa, sabuni, kitunguu, chungwa, vyote nimepata. Ile nukta ya mwalimu pia imepotea, mwanangu ameipeleka shule.

Nimekaa kwa mama siku 12, hakuna dagaa pale, mama hawezi kuwala kwa sasa. Nimerudi jana. Nimefungua mlango wa sebuleni na mkono bado uko kwenye kitasa, ikanipiga. Kali, nzito, imekaa mpaka kwenye mito ya makochi. Nimesimama pale mlangoni na begi mkononi nikasema kumbe ndio hii. Ndio hii waliyoipokea wale wageni na mimi nawakaribisha juisi. Nikakumbuka maneno ya mwalimu nikaangalia saa, ilikuwa saa 10 na dakika 20. Nikaweka begi nikaanza kufungua madirisha. Saa 11 kasoro robo nilikuwa naisikia ila kwa mbali. Nimeingia jikoni nimesonga ugali, nimetoka hamna. Nikanusa mto, nikausogeza kabisa usoni, kidogo tu.

Nimejua sasa hata nideki mara kumi siwezi kujipima mwenyewe. Magunia nimeyahamishia stoo ya kukodi kulekule Kirumba, makochi nimeyatoa juani, na wale wakwe wanarudi jumamosi ijayo kwa ajili ya mahari. Nimemuomba jirani yangu anayeuza mitumba aje ijumaa jioni aingie na pua yake aniambie ukweli.